Chembe sahani zihesabiwe, na kazi yake ipimwe pia

Mhariri, naandika kutoka Moshi kuhusu mdogo wangu, binti wa miaka 19, tangu utotoni anatokwa damu puani na siku zake zikianza zinapitiliza hata wiki, kila tukienda hospitali wanahesabu chembe sahani za damu, zile zinazoshikana kuziba kidonda, wanatuambia yuko fresh tu kwasababu ziko 240,000 na kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000. Jamani, zinaweza kuwa nyingi na bado hazishikani kuziba kidonda! Kuna kipimo cha hiyo, plazma, yaani majimaji ya damu yenye hizo chembe, inawekwa kwenye mashine ya mwanga, inatiwa kichocheo cha kuzigandisha, chembe zikigandana mwanga unapita zaidi, zisipogandana ndo unajua shida iko wapi. Ila sampuli inatakiwa ipimwe ndani ya kama masaa 4 na isiwekwe kwenye friji, sasa ukiituma Dar kwa basi si inaharibikia njiani? Tunaomba kipimo kisogezwe huku Kaskazini. Na madaktari wawe wanauliza dawa kwanza, maana aspirini inavuruga majibu siku 7 mpaka 10, hata diklofenaki ya maumivu nayo inavuruga ila kwa muda mfupi zaidi, na sisi hatujawahi kuulizwa hata mara moja.

Dada mtu, Moshi