Jambiani kwa baiskeli: kwanza tazama maji, halafu tazama gari

Karibu kila mteja anayeingia kwenye duka letu la kukodisha baiskeli hapa Jambiani ana ombi moja: "Nipe njia isiyo na magari." Wengine hutoa simu kabisa, wakatuonesha mstari kwenye ramani. Ramani haina kosa, ila haina saa. Barabara ile ile ya kwenda Paje ambayo saa kumi na mbili na nusu asubuhi unaigawana na kuku na watoto wa skuli, ikifika saa nne imejaa Noah na Alphard za wageni wa uwanja wa ndege, malori ya mchanga na matofali, na bodaboda zinazokupita kila upande.

Ndiyo maana tunakuuliza maswali mawili kabla hatujakupa funguo ya kufuli. Unatoka saa ngapi? Na leo mwezi ngapi? La pili huwachanganya wageni wetu kutoka Dar na Nairobi. Wiki iliyopita kijana mmoja alinijibu kwa heshima zote, "Wa saba, kaka." Nilikuwa nauliza mwezi wa juu mbinguni.

Nieleze. Njia tulivu kuliko zote hapa haina lami. Ni bahari yenyewe ikikauka. Pwani ya mashariki ya Unguja ni bapa, na wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukauka kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na maji kukauka hufika kama mita 4. Kwenye ufukwe bapa, mita hizo ni nyingi mno: kuna mahali maji hutoka zaidi ya kilomita moja, yakaacha mchanga mgumu uliobanwa, ambao tairi nene inateleza juu yake kama sakafu ya msikiti. Kutoka hapa unakwenda mpaka Paje, na ukiwa na nguvu Bwejuu, bila kusikia honi hata moja.

Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Ikifika mwezi saba au nane, yaani siku ya saba au ya nane tangu uandame, unaingia kwenye maji mafu: bahari inatoka kidogo tu, tena alasiri, na ule mchanga mgumu unabaki ukanda mwembamba. Siku hizo sikupeleki pwani, hata ukinibembeleza.

Utaratibu wetu ni huu. Ondoka ikiwa imebaki muda wa saa moja na nusu kabla ya maji kukauka. Maji yakikauka kabisa, popote ulipo, geuza baiskeli. Hata kama Bwejuu umeshaiona kwa macho. Saa ya kwanza maji yanarudi polepole, mtu anadhani anayo siku nzima. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Na hayaji kwa mbele peke yake. Hupitia kwenye vijito na mabonde madogo ya mchanga, ukashtukia mgongoni kwako kuna maji na wewe uko kwenye kisiwa chako mwenyewe.

Ukiwa huko chini utaona vigingi vimepangwa kwa safu na kamba zimefungwa katikati. Hayo ni mashamba ya mwani. Mama zetu wamekuwa wakilima huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kamba moja ikikatwa na tairi lako ni kazi ya wiki kadhaa iliyokwenda na maji. Zunguka. Vilevile yale mafungu ya mawe karibu na ufukwe si uchafu: chini yake yamezikwa makumbi ya nazi yanayooza ili yapigwe usumba wa kusokotea kamba. Yana wenyewe.

Sasa jambo ambalo limeleta maneno dukani, na ambalo ndiyo hasa nililokaa chini kuliandika. Wapo wanaouliza kwa nini tunakagua baiskeli inaporudi, na kwa nini tunakataa isiingizwe majini hata kidogo, wakati picha za mtandaoni zinaonesha watu wakikata mawimbi kwa baiskeli huku wanacheka. Mwaka jana watu wawili walirudi wakati wa magharibi wakisukuma, maji yaliwafika magotini. Waliomba radhi, wakalipa, wakaenda zao. Nikazipangusa zile baiskeli, zikang'aa, nikazipanga ukutani. Baada ya siku chache moja ikaanza kulia. Nilipofungua pale pedeli zinapozungukia, grisi ilikuwa imegeuka uji wa kijivu, gololi zimeota kutu, na mchanga laini umejaa kama umemiminwa kwa kijiko. Mnyororo ulikuwa umekakamaa, ukiushika unasimama wenyewe kama fimbo. Maji ya chumvi hayaharibu siku ile ile. Yanamsubiri mteja anayefuata, yakamwache njiani katikati ya Makunduchi na jua la saa saba.

Kwa hiyo kila baiskeli inayotoka pwani huoshwa kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, inakaushwa, mnyororo unatiwa mafuta. Kazi hiyo ni yetu na haina malipo ya ziada. Tunachoomba kwako ni maji yasifike kwenye ekseli. Ukikuta kijito, shuka, ibebe. Baiskeli zetu hazina gia, ni nyepesi, na nchi hii haina mlima.

Ukiwa unakwenda mchangani tutapunguza upepo wa tairi. Ukija na pampu yako usiuongeze. Na kuna ule upepo mwingine. Kusi ikivuma, kuanzia Juni hadi Septemba, anza kuelekea kusini ukiwa na nguvu, ili urudi unasukumwa. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, fanya kinyume chake. Anayeanza safari kwa raha ya upepo mgongoni huja kunilaumu mimi wakati wa kurudi.

Siku ambazo bahari haikubali, njia yangu ni ya kusini. Kutoka hapa hadi Makunduchi ni kama kilomita 10, na ukishaziacha nyumba za mwisho za Jambiani hoteli zinapungua, kwa hiyo na magari yanapungua. Kushoto na kulia ni uwanda, vichaka vya maweni, mibuyu hapa na pale. Utakutana na gari la ng'ombe limebeba kuni kabla hujakutana na Noah. Usiingie kwenye vijia vya kichakani: jiwe la matumbawe lina makali, na kila mkoba wa zana tunaokupa una viraka na gundi kwa sababu hiyo. Ukimpita mzee, piga kengele mapema, kisha salimia. Kengele peke yake ni kama kumfukuza.

Ukifika Makunduchi unaweza kuendelea hadi Mtende. Njia ya kushukia ufukwe wake haiendi kwingine, inaishia chini ya majabali baharini, na njia zinazoishia ndizo zenye utulivu, maana hakuna anayepita kwa kuwa ana haraka ya kwingine. (Michamvi nayo ni mwisho wa njia, lakini hoteli zimeivunja kanuni hiyo.) Isipokuwa Julai, siku za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, ambapo Makunduchi huwa na watu wa kisiwa kizima. Siku hiyo nenda kwa miguu.

Kizimkazi nenda mchana, usiende asubuhi. Magari ya watalii wa pomboo huingia mapema na wengi huwa wameshaondoka adhuhuri. Baada ya hapo unabaki wewe na barabara, na msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Beba kanga au suruali ndefu ndani ya begi. Kaptura ya baiskeli haiingii pale.

Njia moja hatukupi: Paje kwenda Kitogani na Jozani. Imenyooka, magari yanakimbia, na matuta yaliyowekwa pale msituni yaliwekwa kwa ajili ya kuwanusuru kima punju wasigongwe. Ukitaka kuwaona kima hao, panda gari ya shamba, yaani daladala, pale Paje, mwambie utingo akupandishie baiskeli juu kwenye keria, ushuke mlangoni mwa hifadhi. Elewaneni nauli ya baiskeli kabla haijapanda.

Na neno dogo la Ramadhani, kwa kuwa mtu aliniuliza kama magharibi si ndiyo saa nzuri ya kuendesha. Ni kweli magharibi barabara huwa tupu kabisa, watu wako kwenye futari. Lakini ile nusu saa kabla ya adhana ndiyo mbaya kuliko zote, kila dereva anawahi nyumbani na uji wake, na baiskeli zetu zina taa ndogo tu. Rudi mapema, ukae, utakaribishwa tende.

Tunafungua baada ya sala ya alfajiri. Ukitaka njia ya asubuhi, pita jana yake jioni tupime kiti na kuhesabu mwezi pamoja, maana asubuhi ile tukianza kutafuta spana utaondoka saa mbili, na saa mbili malori yameshaamka.