Barua ya wazi kwa vijana wa bendi za roki Nairobi

Wanangu mnaopiga roki katika jiji hili,

Nawasalimu nyote, na nawaandikia kwa pamoja kwa sababu swali mnaloniletea ni lile lile: je, mtie sahihi mkataba wa kampuni ya kurekodi pindi utakapowajia, au mwendelee kujitegemea ilhali kujitegemea hakujawapa hata fedha za kununulia nyuzi za gitaa? Nimelitafakari swali hilo kwa muda, na naona kwamba mnajadili mapato kabla hamjajadili gharama. Kinachompa mwanamuziki huru nafasi ya kutunga anavyotaka ni udogo wa madeni yake, na asiyedaiwa anaweza kukataa, kusubiri, kufuta na kuanza upya. Mengine yote nitakayowashauri yanatokana na hilo.

Mfano ninaoutegemea ni wa bendi ya Fugazi ya Washington, Marekani, ambayo wengi wenu mnaisikiliza bila kujua jinsi ilivyoendesha mambo yake. Chanzo chake kimo katika kundi dogo la panki lililoitwa Teen Idles, ambalo wanachama wake walikuwa vijana wa umri wa shule. Fedha walizopata katika maonyesho hawakuzigawana. Waliziweka pamoja, na kundi lilipovunjika mwaka 1980 walizitumia kutoa santuri yao. Ian MacKaye, Jeff Nelson na Nathan Strejcek waliipa lebo yao, yaani kampuni yao ndogo ya kutoa muziki, jina la Dischord, wakaagiza nakala 1,000, kisha wakakaa kitako wakikata, kukunja na kugundisha majalada kwa mikono yao. Mapato ya santuri hiyo yalisaidia kutoa kazi za marafiki zao wa mji huo huo. Hawakukopa wala hawakungoja mfadhili, na lebo hiyo ipo hadi leo.

Fugazi ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 1987. MacKaye aliimba na kupiga gitaa, Joe Lally alishika besi, Brendan Canty alikuwa kwenye ngoma, na Guy Picciotto, ambaye mwanzoni aliimba tu, alikuja kuongeza gitaa la pili baadaye. Kiingilio chao kwa kawaida kilikuwa takriban dola 5, na walitaka milango iwe wazi kwa watu wa umri wote. Hawakuuza fulana, hawakuwa na meneja, na ziara zao walizipanga wenyewe kwa simu. Bei ya kununua kwa posta ilichapishwa juu ya jalada la albamu ili mwenye duka asimlangue msikilizaji. Mtu aliyewapiga wenzake ukumbini alisimamishiwa onyesho, akarudishiwa kiingilio chake na kuombwa aondoke. Kampuni kubwa zilipowafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikataa.

Msidhani walikataa kwa sababu ya ujasiri usio wa kawaida. Walikataa kwa kuwa hesabu yao iliwaruhusu. Gari moja, watu wachache, malazi ya bei nafuu na kiingilio ambacho kijana yeyote angekimudu vilifanya kila onyesho lijilipie, na kinapobaki kitu baada ya kila onyesho, ahadi ya malipo ya awali, yaani fedha ambazo kampuni hutanguliza kisha kuzikata kwenye mauzo, haimlevyi mtu. Wala hawakuwa peke yao kama mnavyopenda kuwafikiria. John Loder wa kampuni ya Southern, London, ndiye aliyewasaidia kwa miaka mingi kutengeneza na kusambaza santuri, na bila mshirika wa aina hiyo kazi yao isingevuka bahari. Kujitegemea kwao kulikuwa na washirika ambao hawakudai umiliki wa nyimbo.

Sasa niliangalie suala la utunzi, ambalo nahofia mnaliharakisha. Fugazi walitunga wote wanne pamoja, chumba kimoja, wakianza na kipande kidogo cha gitaa au mdundo wa besi, wakikirudia, wakikirekodi kwenye kanda, kukisikiliza na kukivunja. Picciotto alipochukua gitaa, muundo wa nyimbo ulibadilika: magitaa mawili yalianza kujibizana na kupishana, besi na ngoma zikabeba mwendo, na albamu ya Repeater ya mwaka 1990 ilionyesha matunda hayo. Jukwaani hawakuwa na orodha ya nyimbo iliyoandikwa. Mmoja alianzisha, wengine wakamfuata kwa ishara, na hilo halikuwezekana ila kwa sababu kila mmoja alizijua nyimbo zote za bendi na alimsikiliza mwenzake kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho wa onyesho. Nawasihi mlijaribu jambo hilo katika mazoezi kabla ya kulipeleka mbele ya watu, kwa maana naona baadhi yenu mnapiga kwa kukariri, kila mmoja macho yake kwenye ala yake, na wimbo uliokaririwa hivyo hauna nafasi ya kukua.

Kuna tukio moja ambalo ningependa kila bendi ilijadili. Mwaka 1992 Fugazi walikwenda Chicago kurekodi na Steve Albini, mmoja wa mafundi waliosifika kwa kunasa sauti ya bendi kama inavyosikika chumbani. Waliporudi na kuisikiliza kazi ile kwa utulivu, waliona haiwatoshelezi. Wakaiweka kando na kurekodi upya na Ted Niceley katika studio ya Inner Ear, huko Arlington, Virginia, na hiyo ndiyo iliyokuwa albamu ya In on the Kill Taker ya mwaka 1993. Bendi iliyochukua malipo ya awali na kupewa tarehe ya kukabidhi kazi ingepata wapi uwezo wa kuitupa kazi nzima ya studio na kuanza tena? Hapo ndipo mtaona kwamba gharama ndogo na utunzi mzuri ni mambo yanayofungamana.

Albini mwenyewe, aliyefariki mwezi Mei 2024, alitoza ada ya kazi na kukataa mrabaha, yaani fungu la mapato ya mauzo, kwa imani kwamba wimbo ni mali ya bendi na fundi alipwe kama fundi. Mwaka 1993 alichapisha insha iliyopiga hesabu ya bendi ya kubuni iliyosaini mkataba na kampuni kubwa, ikapewa dola 250,000 za awali na kuuza nakala 250,000. Baada ya kuondoa gharama za studio, meneja, wakili, video na ziara, kila mwanamuziki alibaki na takriban dola 4,031, huku hesabu ya mrabaha wa bendi ikiwa bado na deni la dola 14,000 kwa kampuni. Viwango vimebadilika tangu wakati huo, lakini nimesoma mikataba ambayo baadhi yenu mmeniletea, na mantiki yake ni ile ile: gharama zote hukatwa kwenye fungu la msanii, na umiliki wa rekodi hubaki mikononi mwa kampuni. Mimi nilipiga gitaa la besi enzi za santuri, na niliwashuhudia wenzangu wakiuza nyimbo kwa malipo ya mkupuo mmoja kule River Road, kisha wakazisikia redioni kwa miaka mingi pasipo kupata hata senti. Sitaki kuyaona mambo hayo tena kwenu.

Kuna jambo moja ambalo siwaungi mkono watu wa Dischord. Wao walifanya kazi na bendi zao bila mikataba ya maandishi, kwa kuaminiana na kugawana faida, na kwao lilifaulu kwa sababu walikuwa watu wa mji mmoja waliokua pamoja na kuandika hesabu zao kwa uaminifu. Ninyi mnakutana vyuoni na mitandaoni, wengine mtahamia ng'ambo, wengine mtafiwa na kuacha wategemezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, kabla ya kuingia studio, andikeni ukurasa mmoja unaoeleza nani ametunga nini, mapato yatagawanywa vipi, na anayejiondoa atabaki na haki gani; wote watie sahihi na kila mmoja akae na nakala. Sheria ya Kenya inampa mtunzi haki pale kazi inapowekwa katika umbo la kudumu, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Yaani mnayoyazungumza leo kwa haraka yatawahusu wajukuu wenu.

Najua mtanijibu kwamba Washington ya wakati ule ilikuwa na wanunuzi wa santuri, na kwamba leo nyimbo husikilizwa kwa intaneti kwa malipo yasiyotosha nauli ya matatu. Ni kweli. Hadhira ya roki hapa kwetu ni ndogo, na sitawadanganya kwamba itawalisha nyote. Walio na kazi za mchana wasiziache kwa pupa. Lakini udogo huo ndio unaozidisha haja ya kupunguza gharama. Tena mlango wa nje haupitii kwenye kampuni kubwa pekee: mwaka 2020 Duma, kundi la wawili kutoka Nairobi lililopiga muziki mkali kuliko wengi wenu, walitolewa albamu na Nyege Nyege Tapes, lebo huru ya Kampala, na wakasikika mbali.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Fundi wa sauti wa Fugazi alirekodi maonyesho yao mwaka baada ya mwaka. Bendi ilisimama tangu mwaka 2003, wanachama walipohitajika zaidi katika familia zao, na hakuna kampuni iliyowadai albamu nyingine. Mwaka 2011 walianza kuyaweka maonyesho hayo kwenye intaneti, zaidi ya 800 kati ya takriban 1,000 waliyofanya, kwa bei pendekezi ya dola 5. Kwa hiyo mwombeni fundi mitambo awarekodie kila onyesho moja kwa moja kutoka kwenye mixa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti, muandike tarehe, mahali na nyimbo mlizopiga, na mhifadhi nakala mbili katika nyumba mbili tofauti.

Wale watano mliopewa mkataba na kutakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi, ombeni muda zaidi kwa maandishi. Ulizeni umiliki wa rekodi utarudi kwenu baada ya miaka mingapi, gharama zipi zitakatwa na nani atazihakiki, na kama mnaweza kukataa kutoa kazi msiyoridhika nayo. Wakikataa kuwajibu kwa maandishi, msisaini. Nileteeni majibu hayo, tuyasome pamoja na wakili kifungu kwa kifungu.

Mzee wenu,
mpiga besi mstaafu, Nairobi