Fomu za kujisajili zikubali namba ya simu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watengeneza mifumo wenzangu, pamoja na viongozi wa vyama vya ushirika wanaotupa kazi. Fomu zetu za kujisajili zinawafungia nje watu wale wale tunaolipwa kuwahudumia.

Huku Moshi nimemwona mzee mmoja, mkulima wa kahawa, akiambiwa hawezi kuandikishwa bila baruapepe. Akaenda steshenari, kijana wa dukani akamfungulia, akabuni nywila na kuiandika nyuma ya risiti. Risiti ikapotea. Msimu uliofuata mzee anataka kuingia, mfumo unatuma kiungo cha kubadili nywila kwenye baruapepe ambayo anayeweza kuifungua ni yule kijana, naye ameshahamia Arusha. Wakati huo mfukoni mzee ana kiswaswadu chenye laini aliyoisajili kwa alama za vidole, laini hiyo hiyo anayopokelea fedha zake. Hakuna aliyemwomba namba.

Chanzo nakijua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi na wenzangu wengi tunatumia Django, fremuweki (msingi uliokwisha kuandikwa wa kujengea mifumo ya wavuti) ya lugha ya programu ya Python. Rekodi ya mtumiaji inayokuja nayo tayari ina jina la kuingilia, jina la kwanza, jina la mwisho, baruapepe na nywila. Sehemu ya simu haipo, na utaratibu wake wa kurudisha nywila hupitia baruapepe. Ilizaliwa kwenye gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na wenyewe waliiunda kwa mahitaji ya kwao. Siwalaumu. Tangu toleo la 1.5, mwaka 2013, wanaturuhusu tuweke rekodi ya mtumiaji tuliyoiunda wenyewe, na mwongozo wao unahimiza tufanye hivyo mradi unapoanza, kabla ya kuunda majedwali ya hifadhidata. Ukichelewa, kila jedwali linalomtaja mtumiaji itabidi liguswe, na hapo ndipo mteja huambiwa "haiwezekani".

Inawezekana kabisa. Mtu aingie kwa namba ya simu, athibitishwe kwa SMS. Namba inyooshwe kabla ya kuhifadhiwa, maana mtu yule yule leo ataanza na 07, kesho na +255, keshokutwa ataacha nafasi katikati, na mfumo usipoangalia utampa akaunti tatu. Lakini namba isiwe ndiyo kitambulisho cha rekodi yenyewe, kwani laini hupotea. Majina yapewe sehemu moja pana, mtu aandike yote matatu kama anavyoitwa. Baruapepe iwe hiari. Na tuache kudai namba ya NIDA kwa mazoea: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatutaka tukusanye kile tu ambacho kazi inakihitaji.

Viongozi wa ushirika, msisaini kupokea mfumo kabla mkulima mwenye kiswaswadu hajaandikishwa mbele yenu, akasahau nywila kwa makusudi, na akaipata tena bila msaada wa mtu wa steshenari.

Mtengeneza mifumo,
Moshi