Mchungaji aliyekataa kuwahubiria watumwa uvumilivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba wachungaji wa karne ya 19 walikuwa na hubiri moja tu kwa watumwa, yaani watii hapa duniani na kungoja mbingu. Nakubaliana naye nusu. Charles Colcock Jones, mchungaji wa Kipresbiteri wa jimbo la Georgia, Marekani, ambaye naye alimiliki watumwa, aliwatungia watumwa katekisimu, na katika miaka ya 1830 aliwahubiria Waraka kwa Filemoni, ambamo Paulo anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake akiomba apokewe kama ndugu, akilaani tabia ya kutoroka. Yeye mwenyewe ameandika kwamba nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaenda zao. Kwangu mimi, hao walioinuka waliuelewa waraka ule kuliko mhubiri.

Lakini Kanisa hilohilo la Presbiteri lilikuwa na Henry Highland Garnet, na huyu ndiye ambaye mwenzangu amemsahau. Alizaliwa utumwani Maryland mwaka 1815, akatoroshwa na wazazi wake mwaka 1824, akasoma, akakatwa mguu mmoja angali kijana, kisha akawa mchungaji katika mji wa Troy na baadaye New York. Mwaka 1843, katika mkutano wa watu weusi huko Buffalo, alisoma hotuba iliyoelekezwa kwa watumwa wenyewe. Hoja yake ilianzia kwenye Maandiko: Mungu amemwamuru kila mtu ampende, aitunze Sabato, ayachunguze Maandiko na kuwalea watoto wake katika sheria yake, na kwa kuwa utumwa unayazuia yote hayo, kuukubali kwa hiari ni dhambi. Akawaagiza waende kwa mabwana zao, wawaambie waziwazi kwamba wamekusudia kuwa huru, na wakatae kufanya kazi. Damu ikimwagika, wa kulaumiwa ni bwana aliyeanza kupiga. Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri ambaye naye alitoroka utumwani, alipinga, akihofia maangamizi, na hotuba ikakosa kuidhinishwa kwa kura moja tu. Kusema kweli, ningekuwa mjumbe siku ile, sijui mkono wangu ungenyooka upande gani.

Hubiri lake ninalolipenda zaidi, hata hivyo, ni la Jumapili ya tarehe 12 Februari 1865, siku chache baada ya Bunge la Marekani kupitisha badiliko la Katiba la kukomesha utumwa. Garnet alihubiri ndani ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, mtu mweusi wa kwanza kusimama pale kuhutubia. Alichagua Mathayo 23:4, juu ya waandishi na Mafarisayo wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, ilhali wao wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole. Kuwasomea watunga sheria maneno hayo katika ukumbi wao si jambo dogo. Kisha akajiuliza utumwa ni nini, akajibu kwamba anaujua mno, kwa sababu kitu cha kwanza macho yake yalichokiona ni mama Mkristo aliyefanywa mtumwa na watu waliojiita Wakristo.

Sisi wa Tabora hatuhitaji kuelezwa mzigo wa begani ni nini. Mwaka huohuo wa 1865 misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikipita hapa, kutoka Ujiji kwenda pwani, na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao wengi wao walikuwa watu huru waliolipwa ujira, walitembea njia moja na mateka waliofungwa shingoni. Nilipousoma mstari huo katika ibada yetu ya nyumbani, mzee mmoja alijishika bega la kushoto bila kusema neno, akalisuguasugua kama mtu anayehamisha mzigo. Tukienda Kwihara, hapa jirani, tunaonyeshwa tembe alimokaa Livingstone, mmisionari Mskoti aliyepinga biashara ya watumwa, na sina ugomvi na hilo. Ninachodai ni kwamba vijana wetu wakisikia habari za kupinga utumwa, wamsikie pia mtu aliyezaliwa ndani yake.

Nimeanza kulitafsiri hubiri hilo kwa Kiswahili, na neno lililonisumbua kuliko yote ni neno «mtumwa». Katika Biblia yetu Paulo anajiita mtumwa wa Kristo Yesu kwa fahari, na shina lake ni kutuma, lilelile linalotupa mtume na mtumishi. Msikilizaji anaweza kudhani Garnet anazungumzia mtu aliyetumwa mahali, kumbe anazungumzia mtu aliyenunuliwa. Kwa sasa, pale ambapo maana inaelekea kupotea, ninaandika «mtu aliyeuzwa», ingawa najua sentensi inakuwa nzito.

Garnet alifariki Monrovia mwezi Februari 1882, akiwa balozi wa Marekani nchini Liberia, na kaburi lake liko hukohuko Afrika. Naomba gazeti lako lifikirie kuchapisha sehemu za hubiri hilo katika ukurasa wa dini, hata aya mbili kwa juma. Rasimu yangu imefika nusu, ipo katika daftari la mkono, na msomaji yeyote mwenye neno bora kuliko langu kwa «mtumwa» ananisaidia akiliandika katika safu hii.

Mwalimu mstaafu,
Tabora