Jumamosi: kuweka programu ya kuskani mafaili

Habari za jioni wapendwa, Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane dukani kwangu tuweke ile programu ya kutuma mafaili VirusTotal (tovuti ya kupima virusi), faili moja inapimwa na antivairasi zaidi ya 70, maana flash za wateja zinatumaliza jamani, mtu anaprinti CV kurasa 2 anakuachia virusi mashine nzima.

1. Njoo na laptop na chaja
2. Fungua akaunti VirusTotal mapema, ni bure, ndo inakupa ufunguo wa API, yaani namba ya siri ya kuunganisha programu na VirusTotal (mwisho maombi 4 kwa dakika, 500 kwa siku)
3. Bando 2,000 kila mmoja

Vyeti na vitambulisho vya wateja msipandishe kabisa, vikishapanda watu wengine wanaweza kuviona.

Anayekuja aandike NIPO kabla ya Alhamisi usiku tafadhali 🙏