Hariri na vidonge vya Salma

Makorora, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, Bagamoyo salama? Sisi wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Najua nimekaa kimya mno, utanigombeza tukionana. Leo nakuandikia kwa ajili ya Salma na kifafa chake.

Mama yake kanipigia usiku, mbio mbio: eti kasikia Marekani wanatibu kifafa kwa hariri, na Bi Mwanaidi keshanunua mtandio wa kumfunga mtoto kichwani. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Na namjua Bi Mwanaidi, mtandio wenyewe nailoni!

Ila habari ina mzizi. Ubongo ni laini mno. Ukiuchomeka nyaya ngumu za kusikiliza seli zake, unachubuka, unafanya kovu, na nyaya zinaishia kutosikia kitu. Basi wataalamu wakachukua vifukofuko vya wale viwavi wanaokula majani ya mforsadi, wakavichemsha kuondoa ule utomvu wa nje unaoweza kuuudhi mwili, protini iliyobaki wakaiyeyusha na kuikausha ikawa utando. Juu yake wakatandaza wavu wa elektrodi, yaani vinyaya vya kusikiliza seli, mwembamba kuliko unywele. Mwaka 2010 walieleza walivyouweka kwenye ubongo wa paka: hariri ikalowa, ikayeyuka, wavu ukabaki umeshika kila mkunjo kama kanga mbichi mwilini. Tena muda wa kuyeyuka wanaupanga wenyewe, dakika au muda mrefu. Wengine walitia adenosini, kemikali ya mwilini inayotuliza ubongo, ndani ya hariri, ikawa inavuja kidogo kidogo kwenye ubongo wa panya, kifafa chao kikatulia kwa muda.

Paka na panya, Zuhura. Si Salma.

Maana kilichoninyima usingizi ni swali la mwisho la mama yake: "Basi vidonge nimpumzishe kwanza?" Jamani! Vidonge vile vya kifafa havikatwi ghafla, mtoto anaweza kuanguka mfululizo asizinduke. Nimemwambia, kaitikia "haya, haya" ile ya kumaliza salio. Wewe anakusikiliza, tangu yale ya Kaole. Nakuomba umpitie, hata kesho. Mtandio amwachie tu, haudhuru, mradi vidonge viendelee.

Kliniki bado wanakwenda? Vidonge vimebaki vya kutosha? Nani anampa asubuhi, mama yake akishakwenda kununua samaki? Wamemwambia mwalimu wake la kufanya akianguka darasani? Na yule fundi wako wa dari, karudi au ndiyo kala hela?

Nijibu upesi.

Wako,
Mwanahawa