Filamu ya kesho juu ya dari, Lamu

Asalaam aleikum jamaa. Kesho baada ya Isha, saa mbili, tutaonyesha Le Silence de la mer (yaani Ukimya wa Bahari), filamu ya mwongozaji Mfaransa Jean-Pierre Melville, ya 1949. Ufaransa imetekwa na Wajerumani, afisa Mjerumani anapangiwa kukaa kwa mzee na mpwa wake wa kike, nao hawamjibu hata neno. Yeye huzungumza kila usiku, binti anafuma. Tazameni vidole vyake, mapenzi yamo humo.

Kwa hiyo jenereta hatuwashi kabisa. Ngurumo yake itaua ukimya, na ukimya ndio filamu yenyewe. Tutatumia betri na inveta. Vijana, shuka lifungwe pembe zote nne, upepo usilikunje, na ukingo wa chini uwe mita moja juu ya sakafu, vichwa visizibe maandishi ya tafsiri. Simu zizimwe, tafadhalini.